Kiimbo cha Kiingereza: walimu wenzangu, tuanzie kwenye masikio yetu ya Kiswahili

Mama akikuita jina lako toka jikoni, kabla hajasema anataka nini ushajua kama chakula kimeiva au kuna kitu umeharibu. Jina ni lilelile, kilichobadilika ni sauti tu, imepanda wapi, imeshuka wapi, imevutwa kiasi gani. Hicho ndo kiimbo. Nimeanza na mama makusudi mana wengi wetu tunaofundisha Kiingereza tunaiogopa hii mada, tunaona ni mambo ya watu wa redio au ya Waingereza wenyewe, tunairuka tunakimbilia tensi, alafu mwanafunzi wa fomu foo anasoma kifungu kizima kama mtu anaeita majina ya mahudhurio na sisi tunasema huyu anasoma vizuri kwa kuwa hajakosea neno.

Kuna kitu kimoja kimenisaidia darasani kuliko vyote. Kiswahili tuna vijineno vinavyofanya kazi ambayo Mwingereza anaifanya kwa sauti. Tuna ndiye, ndio, eti, kumbe, mbona, si, je, tu. Tena sentensi tunaigeuza tunavyotaka, kitu tunachokizungumzia tunakileta mbele na kila mtu anaelewa. Kiingereza mpangilio wa maneno umefungwa, huwezi kuyahamisha hovyo, kwahiyo mzigo mkubwa umeiangukia sauti. Mwanafunzi akishalielewa hilo anaacha kuona kiimbo ni kujidai, anaona ni sarufi kama sarufi nyingine, na anaanza kuuliza maswali ya maana.

Sasa tunaanzaje. Usianze na Kiingereza. Siku ya kwanza waite wanafunzi wawili watatu mbele, kila mmoja aseme neno moja tu, "haya", mmoja aseme kama aliyekubali kwa moyo, mwingine kama aliyekasirika anamaliza mazungumzo, mwingine kama anamharakisha mtu. Wengine wafumbe macho wakisie. Watapatia karibu zote na watashangaa wenyewe. Alafu andika ubaoni "Mwalimu amekuja" bila nukta wala alama ya kuuliza, mmoja aseme kama taarifa, mwingine aulize. Maneno hayajabadilika hata moja ila darasa zima linajua lipi ni swali. Malizia na barabara, ukikaza silabi ya tatu ni njia ya magari, ukikaza ya pili ni sawasawa kabisa, kazi imefanyika barabara. Baada ya hapo waambie warudie yote hayo kwa kufunga mdomo, mmmm tu, maneno yaondoke ubaki wimbo. Hili la mmm usiliruke, utalirudia mwaka mzima, mana mtoto akiwa anapambana na matamshi ya maneno hana nafasi ya kusikia wimbo, maneno ukiyaondoa wimbo unabaki peke yake anausikia.

Dakika kumi na tano zinatosha. Kesho yake ndo unaingia Kiingereza, na sentensi moja tu ubaoni:

"Asha took my pen."

Ukiisema kawaida bila sababu maalum, sauti inagonga kwenye neno la mwisho lenye uzito, PEN. Hii ndo kanuni ya msingi ya Kiingereza, mkazo mkuu unakaa kwenye neno la mwisho lenye maana yake kamili, yani sio vile vineno kama to, of, it. Sasa uhamishe. "ASHA took my pen", hapo umesema Asha ndiye aliyechukua kalamu yangu, sio mwingine. "Asha took MY pen", kachukua ya kwangu mimi, sio ya Juma. "Asha TOOK my pen", kaichukua, hakuazima wala hakupewa. Ona hiyo ndiye na hiyo mimi vilivyoingia kwenye Kiswahili, kwenye Kiingereza havionekani ukiandika, vimo kwenye sauti.

Zoezi lenye nguvu ni la kugeuza. Usiwaambie "kaza neno la kwanza", hiyo watafanya kama mashine. Waambie Kiswahili: Asha ndiye aliyechukua kalamu yangu, haya semeni kwa Kiingereza na ni marufuku kuongeza neno. Alafu nenda na maswali, "Who took your pen?", "What did Asha take?", "Did Asha take Juma's pen?", jibu ni sentensi ileile kila mara ila mkazo unahama kufuata swali. Mwanafunzi analazimika kusikiliza swali kabla ya kujibu, na hicho ndo tunachokitaka. Mimi sentensi moja ya namna hii huwa naikalia kipindi kizima na sijutii.

Upande wa pili wa jambo hilohilo ni kitu kilichokwisha tajwa. Mtu anakwambia "I've got some mangoes", wewe unajibu hupendi maembe. Wanafunzi wetu karibu wote watasema "I don't like MANGOES" kwa kuwa ndo neno la mwisho. Mwingereza atasema "I don't LIKE mangoes", maembe yameshatajwa hayana habari mpya, anayapitia chini chini kwa haraka. Sisi kwa Kiswahili tungesemaje? "Maembe mimi siyapendi." Tumeyatoa mwisho tukayaweka mbele, tumeyapisha. Kwahiyo waambie hivi, pale ambapo kwa Kiswahili ungelitanguliza neno kwa kuwa linajulikana tayari, kwa Kiingereza libakize hapohapo ila ulizimishe. Nikishalieleza kwa njia hii hata wale wa nyuma kabisa wanapata.

Kuna jingine dogo ila linaleta hasara kwelikweli, nalo ni can na can't. Mgeni mmoja aliwahi kunipigia simu kuuliza kama naweza kufika asubuhi saa mbili, nikamjibu "I CAN come", hiyo can nimeikandamiza ili aone nimekubali kwa uhakika. Yeye akasikia can't, akapanga na mtu mwingine. Nilikuja kuelewa baadae kwamba ile t ya mwisho mara nyingi haisikiki kabisa, anaesikiliza anategemea mkazo. Ya kukubali inamezwa, inakuwa kama kn, "I kn COME". Ya kukataa inabaki nzima na inakazwa, "I CAN'T come". Kwahiyo ukiikaza can bila sababu umekataa. Wafanyishe wanafunzi wawili wawili, mmoja anasema jambo analoweza au asiloweza, "I can swim", "I can't drive", mwenzake anaonyesha dole gumba juu au chini kwa alichosikia, sio kwa anachokijua. Wakikosana ndo unaingia kusaidia. Na namba vilevile, fifTEEN mkia unavutwa na kukazwa pale namba ikisimama peke yake, FIFty mkazo uko kichwani na mkia mfupi. Anaetarajia kufanya kazi dukani au na watalii hili la namba ni pesa yake.

Kuhusu mkazo ndani ya neno sitakaa sana. Kiswahili mkazo wetu uko silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno, na tunayabeba mazoea hayo kwenda nayo kwenye Kiingereza, hosPItal badala ya HOSpital, deveLOPment badala ya deVElopment. Ila kuna mahali mazoea yetu yanatubeba na walimu wengi hawajawahi kuligundua: maneno yanayoishia na tion na ic, mkazo unakaa silabi inayotangulia hiyo mwisho, eduCAtion, examiNAtion, ecoNOmic, scienTIfic, yani palepale ambapo Mswahili angeuweka bila kufundishwa. Kuna machache yanayovunja, kama POlitics na ARabic ambayo yana mkazo wa mwanzo, ila mengi yanatii. Anza na hayo wapate moyo, alafu ndo wape yale magumu. Na kuna moja linalotuhusu sisi wenyewe, "ENGlish teacher" ni mwalimu wa Kiingereza, "English TEACHer" ni mwalimu ambae ni Mwingereza. Ukijitambulisha vibaya umebadilisha uraia.

Mdundo nao una zoezi lake la makofi. Kiswahili kila silabi inapata haki yake, ki-ta-bu, zote zinasikika. Kiingereza silabi zenye mkazo zinajitokeza na zilizobaki zinabanwa katikati. Piga kofi tatu kwa mwendo uleule, sema "BOYS KICK BALLS", alafu kwa makofi yaleyale "The BOYS will KICK the BALLS", alafu "The BOYS have been KICKing the BALLS". Makofi hayaongezeki, vineno vya katikati ndo vinakimbizwa. Kenneth Pike, mtaalamu wa lugha wa Marekani, aliziita lugha za aina hizi mbili kwa majina tofauti mwaka 1945, na baadae watu walipopima kwa vyombo wakakuta Mwingereza halisi hatembei kwenye mwendo sawasawa namna hiyo, kwahiyo lichukue kama zoezi la kuamsha sikio, usilifanye sheria. Angalia pia ile irabu tunayoiongeza mwishoni, booku, classi, ile inaongeza silabi na mdundo wote unaharibika.

Sasa kupanda na kushuka. Kuna kisa ambacho huwa nawasimulia wanafunzi kila mwaka. Miaka ya 1970 kwenye kantini ya wafanyakazi ya uwanja mmoja mkubwa wa ndege Uingereza kulikuwa na kina mama wa Kihindi na Kipakistani wanagawa chakula, na wafanyakazi wa pale wakawa wanalalamika kwamba hawa kina mama ni wakali, hawana adabu. Kina mama nao wakawa wanahisi wanabaguliwa. Mtaalamu wa lugha John Gumperz alipochunguza maongezi yao akakuta moja ya shida ni neno moja, mchuzi, "gravy". Muhudumu wa Kiingereza akimuuliza mteja kama awekewe mchuzi alisema "Gravy?" sauti ikipanda. Wale kina mama walisema "Gravy" sauti ikishuka, kwao hiyo ilikuwa kawaida kabisa ya kumkaribisha mtu, ila kwenye sikio la Mwingereza ikasikika kama mchuzi ndo huu, utake usitake. Watu wamenuniana kwa sababu ya mstari wa sauti uliopanda au kushuka kwenye silabi mbili. Walipoelezwa pande zote mbili wakaanza kuelewana.

Kwetu mama ntilie anakuuliza "Mchuzi?" na sauti yake inapanda vilevile, kwahiyo hili wanafunzi wanalo tayari, ni kulihamisha. Wafanye mgahawa darasani, mmoja mama ntilie, wengine wateja, "Tea?", "Sugar?", "Beans?", mteja akisikia sauti imeshuka asijibu kitu. Nimeona watoto waoga kabisa wanafunguka kwenye hili zoezi.

Ya kukumbuka kwenye kupanda na kushuka ni machache. Taarifa inashuka. Swali la ndiyo au hapana kwa kawaida linapanda. Swali lenye where, what, why kwa kawaida linashuka, na hapa tunakosea sana, tunaona ni swali basi tunalipandisha. Ukisema "Where?" kwa kupanda mtu atafikiri hukusikia unaomba arudie. Orodha inapanda kila kitu mpaka cha mwisho kinashuka, "rice, beans, bananas and FISH", ukishusha katikati mtu anajua umemaliza anaondoka. Alafu kuna kale kamkia, "You're coming tomorrow, aren't you". Kakishuka maana yake ni "si unakuja kesho", najua unakuja nataka tu ukubali. Kakipanda ni "unakuja kesho au?", sina uhakika niambie. Nimewahi kumsikia mwanafunzi mmoja anasema "kumbe ni si na au tu mwalimu", na tangu hapo ndo navyofundisha.

Na ile ya kushuka alafu kupanda palepale ndani ya neno moja ndo ngumu kuliko zote ila ni tamu. "The FOOD was good", hiyo food imeshuka ikapanda kidogo, anaesikiliza anasubiri lakini. Kwa Kiswahili tungesema chakula chenyewe kilikuwa kizuri, ila... Mwingereza hiyo ila anaweza asiitamke kabisa, ameshaisema kwa sauti, na wewe ukiikosa unaondoka unajua umesifiwa. Hii waachie wale wa kidato cha juu, wasikilize tu kwanza, kuitoa itakuja yenyewe.

Mtaniuliza, vyote hivi na silabasi inatukimbiza, nianze na kipi? Mtaalamu wa lugha Jennifer Jenkins mwaka 2000 alipendekeza kwamba watu wa lugha tofauti wanapoongea Kiingereza wenyewe kwa wenyewe, wanachohitaji sana ni mkazo mkuu ukae neno sahihi, ila kupanda kushuka na kumeza vineno sio lazima ili kueleweka. Mimi nakubaliana nae kwa sehemu kubwa. Ukiwa na kipindi kimoja tu kwa wiki, Asha na kalamu yake ndo kipaumbele. Ila siachi ya mchuzi, mana kueleweka ni jambo moja na kuonekana una adabu ni jingine, na sisi adabu tunaijali. Na lafudhi ya mtoto usiiguse. Mtoto wa Tanga aongee Kiingereza cha Tanga, mkazo ukikaa mahali pake ataeleweka popote.

Wewe mwenyewe mwalimu jifunze hivi: chukua sekunde kumi tu za mtangazaji yeyote wa habari za Kiingereza, sikiliza mara tano bila kusema, alafu mmm pamoja nae, alafu ongea juu yake ukimfuata kama kivuli, mwisho jirekodi kwa simu peke yako ulinganishe. Sekunde kumi, sio dakika kumi, watu wanaanza na taarifa nzima wanachoka siku ya pili. Kama una laptopu kuna programu inaitwa Praat, imetengenezwa na Paul Boersma na David Weenink wa Amsterdam, ni ya bure, unaingiza sauti yako inakuchorea mstari wa kupanda na kushuka. Ukiona mstari wako umelala kama barabara ya Dodoma na wa mtangazaji una milima, utajua pa kuanzia. Wanafunzi wenye simu nyumbani watume voisi za sentensi moja kwenye grupu la darasa, wenzao wajibu ni swali gani lilikuwa linajibiwa.

Sasa sauti yako mwenyewe, na hapa nawaomba msome taratibu. Kiimbo kinahitaji nafasi ya kupanda. Mwalimu anaepiga kelele sauti yake iko darini tayari, haina pa kupanda tena, kila neno linatoka kwa nguvu ileile na wanafunzi wanachojifunza ni sauti isiyopanda wala kushuka. Mwaka wangu wa tatu kazini nilikuwa na darasa la watoto zaidi ya themanini, nikawa napayuka toka asubuhi mpaka mchana, ikafika Alhamisi sauti haitoki kabisa, inakwaruza tu. Na sio mimi peke yangu. Utafiti mkubwa wa majimbo ya Iowa na Utah kule Marekani uliotoka mwaka 2004 ulikuta walimu 57.7% wamewahi kupata tatizo la sauti maishani, wakati kwa wasio walimu ni 28.8%. Nyuzi za sauti za mwanamke zinagongana kama mara 200 kwa sekunde anapoongea, za mwanaume mara 100 na kitu, sasa zidisha kwa vipindi sita.

Cha kwanza, usishindane na kelele. Tangu mwaka 1911 Mfaransa Étienne Lombard alishaonyesha kwamba mtu akiwa kwenye kelele anapandisha sauti bila kujijua, kwahiyo darasa likipiga kelele wewe unapanda, wao wanapanda, na wewe ndo utaumia. Simama kimya, gonga ubao kwa rula mara mbili, subiri. Mvua ikipiga mabati acha kuongea kabisa, andika kazi ubaoni. Pili, sogea. Paredi kule nje ukiongeza umbali mara mbili nguvu ya sauti inayomfikia mtoto inabaki robo tu, kwahiyo hatua kumi kuelekea kwao zinafanya kazi kuliko kupayuka. Usiongee umegeukia ubao, sauti inarudi kwenye ukuta na vumbi la chaki unalivuta wewe, futa ubao kwa kitambaa kibichi.

Pumzi ishuke tumboni. Weka mkono juu ya kitovu, ukivuta hewa mkono usogee mbele na mabega yatulie, mabega yakipanda shingo inakaza na koo linafanya kazi isiyo yake. Asubuhi kabla ya kipindi chukua mrija wa soda, vumisha uuu ndani yake, panda na shuka kama king'ora dakika mbili tatu, mtaalamu wa sauti Ingo Titze ndie aliyelitangaza sana zoezi hili na linapasha nyuzi moto bila kuziumiza. Maji kunywa kidogo kidogo siku nzima, usisubiri kiu. Na tafadhali acha kukohoa kohoa kusafisha koo, meza mate au piga funda la maji.

Sauti ikikauka watu wanakimbilia kunong'ona wakidhani wanaipumzisha, kumbe kunong'ona kwa nguvu kunaichosha vilevile. Nyamaza tu. Ikizidi wiki tatu haijarudi nenda ukamuone daktari wa masikio, pua na koo, usikae na tangawizi mwezi mzima. Na siku hiyo ambayo haitoki kabisa kipindi kinaendelea, andika "Asha took my pen" ubaoni, mpe monita rula, yeye ndo agonge neno moja, na darasa lote liseme sentensi kwa mkazo wa hapo alipogonga.